Sanduku ya nkambo na muze ya Lubumbashi

Mu nyumba nyingi za zamani za kampi, ku Likasi, ku Kipushi, ku Kolwezi ao ku Kambove, chini ya kitanda cha wazazi muko sanduku ya chuma. Watoto hawapashwe kuigusa. Ndani muko karatasi za kazi za tate, picha ya ndoa iliyoanza kupauka, medali ya miaka mingi ya kazi, bulletin za masomo za watoto, pengine na karatasi ya mwisho yenye hesabu ya feza aliyopewa siku ya kutoka. Siku muzee anakufa, watu wanaifungua. Wanachagua karatasi ile inayoweza kuleta kitu, wanaiweka pembeni. Zingine zinawasha moto wa makala, ao mama muuzaji anafungia karanga.

Tunaandika juu ya ile sanduku sababu ku Lubumbashi kuko nyumba moja ambayo imefanya kazi ya kuuliza watu: munachoma nini pale? Ile nyumba ni Musée national de Lubumbashi, pembeni ya Bâtiment du 30 Juin. Wengi wetu tunapita pale mu taksibisi bila kugeuza kichwa. Wengine waliingia mara moja tu, pamoja na mwalimu wa masomo, wakaona vinyago nyuma ya vioo, wakatoka. Tangu ile siku wanazani muze ni pahali pa vitu vya wafalme na vya wafu wa zamani sana. Lakini tangu mwaka wa 2000 ile nyumba ilifungua mulango kwa vitu na maneno ya mufanyakazi. Na luga ya ile kazi ni Kiswahili chetu hiki, kile ambacho walimu walikuwa wanatupigia fimbo juu yake.

Tuseme kwanza kidogo juu ya pahali penyewe. Bâtiment du 30 Juin, ile nyumba kubwa inayofanya kama kivuli juu ya muze, ilikuwa teatre ya muji. Ilimalizika mwaka wa 1956. Aliyeichora ni architecte Claude Strebelle pamoja na kikundi chake, na kile kikundi kilijiita Yenga. Mutu wa Zanzibar angesema «jenga». Shiye tunasema «kuyenga nyumba», na wale wazungu walichukua neno vile walilisikia ku chantier, na «y» yake. Ni kitu kidogo, lakini kinaonyesha kama mu 1956 hata wazungu wa plan walijua luga ya chantier ni ya nani.

Ndani ya muze, kitu ambacho mufanyakazi wa fonderi anapashwa kuona kwanza ni misalaba ya shaba. Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimwanga mu vile viumbo kwa karne nyingi mbele ya muzungu wa kwanza kufika na marteau yake. Askofu de Hemptinne aliandika juu yao mwaka wa 1926, akawaita «walaji wa shaba». Profesa akisimama mbele ya ile misalaba anaanza kuhesabu karne. Mutu aliyetumika miaka 20 mbele ya furu, yeye anaangalia ukingo wa musalaba, anaona pahali shaba ilipoa mbele ya kujaza kiumbo, anatikisa kichwa: huyu naye alikuwa na haraka siku ile.

Lakini kati ya ule musalaba na mufanyakazi wa leo kulikuwa shimo. Vitu vya wazee wa zamani, muze ilikuwa navyo. Vitu vya tate aliyeingia kazini mu 1935, ya mama aliyelea watoto wanane mu nyumba ya vyumba viwili ku kampi, hapana. Kama vile ile miaka yote hapakuwa mutu.

Ukumbusho

Mwaka wa 2000, walimu wa chuo kikuu cha Lubumbashi (UNILU), pamoja na Bogumil Jewsiewicki, mwanahistoria wa Université Laval ya Québec, walianzisha kazi waliyoiita «Mémoires de Lubumbashi». Kati ya wale walioibeba kwa miaka iko profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ambaye wasomaji wengi wa familia za Gécamines wanajua jina lake, na tutamurudilia hapa chini.

Wazo lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulifanya. Historia ya kampani iko mu arshivu za kampani: tone ngapi za shaba, watumishi wangapi, kilo ngapi za unga kwa mutu kwa juma. Lakini arshivu haisemi mama alipika nini siku posho iliisha na juma ingali. Haisemi watu waliimba nini ku kilio, ao kapita waliita jina gani wakati yeye iko mbali. Ile haikuandikwa pahali popote. Iko mu vinywa. Na vile vinywa vinaisema mu Kiswahili, sababu ni mu Kiswahili iliishiwa. Kwa hiyo walienda mu makomine kuuliza watu, kwa Kiswahili, na waliomba watu walete vitu vya maisha ya kila siku, viwekwe mu muze na wenyewe wavielezee.

Fikiri kidogo ile ni nini. Kinga ya tate, ile ambayo watoto waliitandikia msala wa kucheza baada ya magurudumu kufa, inaingia mu nyumba moja na vitu vya wafalme. Na anayeelezea ile kinga si mwenye diplome. Ni mama muzee aliyeikalia nyuma siku alipelekwa kuzaa ku lopitali. Diplome inakaa pembeni, inaandika.

Neno walilolichukua ni ukumbusho. Ni neno letu la zamani mu salon: picha ya ukutani ni ukumbusho, kitambaa cha siku ya ndoa ni ukumbusho, kaburi ni ukumbusho. Mwaka wa 2010, wakati muji ulifikisha miaka 100, kulitoka kitabu kikubwa juu ya muji, na chini ya jina lake la Kifaransa waliweka maneno haya: Ukumbusho wa mukini wa komponi. Mukini ni kule nkambo alikotoka na kimuzigo chake. Komponi ni kule alikofika. Kuyaweka maneno mawili pamoja, mukini wa komponi, ni kusema kama watu walifika mu nyumba za kampani zilizopangwa mustari kwa mustari, wakazifanya mukini. Kwa Kifaransa haisemeki vile.

Namna luga ilizaliwa ku mulango wa jirani

Watoto wetu wanazani Kiswahili kilikuwa hapa tangu milele. Kilifika mbele ya reli, ni kweli, pamoja na wafanya biashara wa Mashariki na watu wa Msiri. Lakini Kiswahili cha kampi kiko na kuzaliwa kwake. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Mu miaka ya kwanza watumishi wengi walitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, inchi inayoitwa leo Zambia. Kiisha vita ya 1914-1918 kampani ilienda kutafuta mikono ku Kasai, ku Maniema, ku Rwanda na Burundi. Kisha ilianza kutaka mufanyakazi akae miaka mingi, alete bibi, azae watoto pale pale.

Basi angalia kampi moja, mustari mumoja wa nyumba. Muluba, pembeni yake Mutetela, kiisha Munyarwanda, kiisha Mubemba. Bibi wa nyumba ya kwanza anataka chumvi ku nyumba ya tatu. Ataomba mu luga gani? Kapita na muzungu walikuwa na Kiswahili cha amri: leta, beba, upesi. Wamama ndio waliichukua ile luga ya amri, wakaifanya luga ya kuomba chumvi, ya kugombana ku bomba ya maji, ya kubembeleza mutoto. Hilo ni wazo la mwandishi huyu, na wale wanaofundisha luga waseme kama wanataka: Kiswahili cha Katanga kilikua zaidi ku bomba ya maji kuliko ku mashini.

Kiisha watoto walienda ku masomo ya wamisionere. Kule walifundishwa Kiswahili kingine, cha kitabu. Ku masomo unasema «watu», ukirudi ku nyumba ni «batu». Ku masomo «nyumba yangu iko wapi», ku nyumba «nyumba yangu iko wapi» vilevile, asante Mungu, kuko pahali tulikutana. Lakini mutoto alijifunza upesi kama luga ya mama yake ni kosa. Ile haya ingali. Hata leo, ukimwekea muzee telefone mbele ya kinywa ili ukamate sauti yake, anakohoa, anaanza kusema Kifaransa ao Kiswahili cha kanisa. Unapashwa kungojea. Kiisha dakika kumi anasahau telefone, na hapo ndipo anaanza kusema.

Kitabu ambacho macho hayakiwezi

Kuko watu ambao hawakuona haya. Mwaka wa 1965, mutu anayeitwa André Yav aliandika, kwa jina la chama cha wale waliokuwa watumishi wa nyumba za wazungu, maandiko waliyoyaita Vocabulaire de la ville d'Élisabethville. Jina ni la Kifaransa, ndani ni Kiswahili. Na si vocabulaire kama diksionere. Ni historia ya muji tangu mwanzo wake mpaka mwaka ule wa 1965, inayosimuliwa na watu waliofungua milango, waliopiga pasi makoti, waliosimama nyuma ya meza na sahani mu mikono wakati mabwana walisema siri zao wakizani boy hasikii.

Waliipiga ku mashini ya kuandika, wakazidisha makaratasi. Hakuna mwalimu aliyesahihisha. Maneno yameshikamana pahali yanapashwa kuachana, yanaachana pahali yanapashwa kushikamana. Johannes Fabian, profesa aliyefundisha ku Lubumbashi mu miaka ya 1970, alitaka kuitafsiri, macho yakashindwa. Alifanya nini? Alimupa mwana Lubumbashi, Kalundi Mango, aisome kwa sauti kubwa. Kwa macho ilikuwa giza, kwa sikio ikafunguka. Kumbe wale wazee hawakuandika vibaya. Waliandika vile kinywa kinasema, na mutu wa kuisoma anapashwa kuwa na masikio ya Katanga. Ilitoka kuwa kitabu mwaka wa 1990, ku Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Ukisoma ile maandiko, na siku hizi inasomeka hata mu telefone, usitafute tarehe za kweli mustari kwa mustari. Wazee wanachanganya majina, wanaweka mufalme mumoja pahali pa mwingine. Tafuta namna wanavyoona. Kampani kwao ni mutu, iko na jina kama bwana, iko na hasira, iko na mukono murefu. Mutu yeyote aliyezaliwa ku kampi anajua ile picha si uwongo.

Salon ya tate

Wale walio na miaka 50 na zaidi wakumbuke salon ya wakati ule. Fotei zenye vitambaa vyeupe. Radio. Ukutani, picha moja ao mbili zilizochorwa na mukono, zilizonunuliwa ku mulango kwa kijana aliyepita akizibeba ku kichwa. Mara nyingi moja ilikuwa mamba muntu, yule mwanamuke wa maji mwenye mukia wa samaki, na nyoka, anayeleta utajiri na kutaka kitu nyuma yake. Ya pili ilikuwa Colonie belge: mufungwa amelala chini, polisi anapiga fimbo, muzungu anaangalia, wanawake wamebeba chakula. Mutoto aliuliza: «Tate, ule banamupiga juu ya nini?» Na tate alijibu. Picha iliwekwa pale ili ile swali iulizwe.

Kati ya wale wachoraji iko Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka wa 1947. Mu 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100, historia nzima ya inchi, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Kila picha aliisimulia kwa Kiswahili mbele ya Fabian yule yule, mashini ikikamata sauti. Alisema yeye si muchoraji tu, ni mwanahistoria. Alichora hata wale watumishi wa Union Minière waliopigwa risasi ku uwanja wa mupira ya Élisabethville, tarehe 9 desemba 1941, wakati wa grève ya kuomba mushahara, siku ambayo Léonard Mpoyi, musemaji wao, aliuawa. Mu vitabu vya masomo vya wakati ule ile siku haikuwamo. Mu mifuko ya unga ilikuwamo. Tshibumba mwenyewe alipotea mwaka wa 1981, na hakuonekana tena.

Mbele yake, mu 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelier iliyoitwa Le Hangar, na mule walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora na vidole. Ni picha nzuri sana, na muze nyingi za Ulaya zinazitaka. Lakini mwandishi huyu aseme wazi: zile zilinunuliwa zaidi na wazungu, ziliwekwa ku salon za wazungu. Za Tshibumba na wenzake zilinunuliwa na tate. Kama unataka kujua mutu wa fonderi alifikiri nini saa moja ya usiku, akikaa mu fotei yake baada ya kazi, ni hizi za pili utaangalia.

Juu ya teatre tutapita upesi, hata kama inaumiza. Odilon Kyembe Kaswili, ambaye wote walimwita Mufwankolo, pamoja na kikundi chake, walichekesha Katanga nzima ku radio na ku televizio, kwa Kiswahili cha barabara. Hawakuandika mchezo. Walikutana, mumoja akaleta wazo, wakabishana, wakagawanya kazi, wakacheza. Mwaka wa 1986 walitengeneza vile mchezo juu ya neno moja la wazee, kama utawala unakulwa muzima, haugawanywi. Na ni vile tu mugeni alikuwa pale na mashini yake ndiyo tunaweza kusoma leo namna walivyoutengeneza. Ingine yote ilienda na upepo, pamoja na kicheko chetu.

Na gitaa ya Jean Bosco Mwenda, ile ya Masanga? Hugh Tracey aliikamata ku Jadotville, ndiyo Likasi, mwaka wa 1952.

Kiko wapi sasa

Hapa ndipo inatuchoma. Picha za Tshibumba, ile historia nzima, ziko mu muze ya Amsterdam. Vocabulaire ilikuwa kitabu ku Amsterdam. Sauti alizokamata Tracey ziko mu arshivu aliyoianzisha Afrika ya Kusini. Kitabu cha miaka 100 ya muji kilichapishwa Paris. Mutoto wa Likasi akitaka kuona Likasi, anapashwa kuomba viza.

Hatusemi waliiba. Tshibumba aliuza picha zake na alijua anamuuzia nani. Bila mashini ya Tracey tusingekuwa na ule wimbo vile ulivyopigwa siku ile. Kama zile karatasi za André Yav zingekaa paka hapa, pengine zingefunga karanga kama zingine. Wageni walitunza sababu waliona bei yake mbele yetu. Lakini ndiyo sababu kazi ya muze ya Lubumbashi iko na uzito wake: pale, kwa mara hii, vitu vya mufanyakazi vilikusanywa na watu wa muji wenyewe, viliwekwa ku muji wenyewe, na mwenye kitu aliweza kuingia na mujukuu na kusema: «Ile njo yangu.»

Vijana nao walishika njia. Sammy Baloji, mwana Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alichukua picha za zamani za watumishi kutoka arshivu za kampani, nyeusi na nyeupe, wamesimama mustari na namba ku kifua, akawaweka mbele ya mashini zilizokufa na kushika kutu za leo. Ile kazi ya 2006 aliiita Mémoire. Mwaka wa 2008 yeye na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha chama cha Picha, kinachotengeneza Biennale ya Lubumbashi, na Mudekereza anaongoza vilevile nyumba ya kazi ya sanaa inayoitwa Waza. Picha, Waza. Hawakuenda kutafuta jina mbali.

Wale wa 2003

Turudi sasa kwa profesa Dibwe. Mwaka wa 2001 alitoa kitabu kwa Kifaransa ambacho jina lake linasema: Bana Shaba walioachwa na baba yao. Yule baba ni kampani. Kampani iliyotoa nyumba, unga, lopitali, masomo, mupira, mpaka sanduku ya maiti, kiisha siku moja ikakosa. Kitabu kilikuwa kimekwisha kutoka wakati kulifika mwaka wa 2003, ile «départ volontaire» ya Gécamines, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wakatoka na feza mara moja mu mukono. Hatuna lazima ya kuelezea hapa. Mu familia ya kila musomaji kuko mumoja. Kuko waliofanya mashamba, kuko waliofungua kiduka, kuko ambao watoto wao walienda kuchimba na mikono pahali tate alikuwa anachimba na mashini.

Hesabu ni rahisi. Mutu aliyetoka mu 2003 na miaka 50 amepita 70 leo. Yeye ndiye wa mwisho aliyejua kampi ikiwa nzima. Yeye anajua majina ya vyombo ambavyo vimeuzwa ferraille, anajua namna ya kusikia furu kwa masikio mbele ya kuangalia kadrani, anajua nani aliishi mulango gani. Na bibi yake, kama Mungu alimuacha, anajua yote yale ambayo hakuna mutu alimuuliza: foyer social, pahali walimufundisha kushona na kupima maziwa ya mutoto; namna ya kugawanya posho; wamama walioweka likelemba ya kwanza ku mustari wao. Ku kazi nyingi za kukusanya maneno, wanaume wanaitwa kwanza. Ukienda kwa nkambo mwanaume na maswali yako, nkambo mwanamuke yuko ku jiko, anasikiliza, na mara anasema kutoka kule: «Hapana, haikuwa vile.» Ni pale unapashwa kuhamisha kiti chako.

Vijana wanaochimba leo na mikono, nao wako na maneno yao, ya kuita shimo, kamba, mugawanyo wa mifuko, mutu wa chini na mutu wa juu. Yanazaliwa na kufa kwa miaka mitatu, minne. Hakuna mu sanduku. Nani atauliza hao?

Kama msomaji anataka kuanza, asingojee muze ije ku mulango wake. Telefone iko mu mufuko. Usiulize «tate, nisimulie maisha yako», atakuambia alizaliwa, alisoma, alitumika, na ataishia pale. Uliza kitu kidogo. «Nkambo, siku ya kwanza ya kazi ulivaa nini?» «Kapita mulikuwa munamuita jina gani kama iko mbali?» «Unga ya posho banapimia na nini?» «Mulango wa kuume nani aliishi, wa kushoto nani?» Muache aseme na Kiswahili chake, usimusahihishe. Akiingiza Kibemba ao Kiluba, muache. Akiimba, usizime.

Kiisha fungua sanduku wakati mwenyewe angali hai, mbele yake, na geuza kila picha. Nyuma hakuna jina hata moja, utaona. Muulize, na andika: jina, kampi, mwaka kama anaukumbuka. Andika na kreyo. Wino wa biki unapenya na miaka, na unakuja kutokea ku uso wa mutu.